Mafao ya Asiye na Kazi (2): Wiki Zilizovurugwa na Kompyuta ya Michigan

Katika jimbo la Michigan, Marekani, dai la mafao ya kukosa kazi likishakubaliwa, safari ndiyo kwanza inaanza. Kila baada ya wiki mbili mdai hana budi kuripoti, kwa intaneti au kwa simu: je, alikuwa mzima na tayari kufanya kazi? Aliitafuta? Alikataa yoyote? Alipata kipato? Asiporipoti, wiki hizo hazilipwi.

Swali la kipato ndilo linaloponza wengi. Kinachotakiwa ni mshahara kabla ya makato, tena kwa wiki ambayo kazi ilifanyika, si wiki fedha zilipotoka. Aliyefanya kibarua Jumatano na kulipwa wiki mbili baadaye atakiripoti kipato hicho kwa wiki ya ile Jumatano, hata kama hajashika senti.

Hata hivyo, walioripoti sawasawa nao waliumizwa. Oktoba 2013 jimbo lilianza kutumia mfumo wa kompyuta uitwao MiDAS kuwasaka wadanganyifu. Waajiri huripoti jumla ya mishahara kwa kila robo mwaka. Mfumo ulichukua jumla hiyo ukaigawa sawa kwa sawa kwa wiki zote za robo. Tuseme mtu alifanya kazi Januari na Februari, akaachishwa, akadai mafao Machi. Kwa hesabu ya kompyuta, Machi alikuwa na mshahara, akauficha.

Barua za kuwahoji watuhumiwa mara nyingi ziliingia kwenye akaunti za intaneti ambazo wenyewe walishaacha kuzifungua. Kimya kikahesabiwa hatia. Waliotiwa hatiani walidaiwa kurudisha mafao yote, faini iliyofika mara nne ya mafao hayo, na riba ya asilimia 12. Mishahara ilikatwa, marejesho ya kodi yakakamatwa, wengine wakatangaza kufilisika.

Jimbo lilipopitia upya kesi zilizoamuliwa na kompyuta peke yake, asilimia 93 hazikuwa na udanganyifu wowote. Waliosingiziwa walikuwa takriban 40,000. Maamuzi hayo ya kompyuta yalisitishwa 2015, lakini fidia ya dola milioni 20 iliafikiwa 2022. Kwa familia iliyokwishapoteza nyumba, miaka saba ni dhuluma nyingine.

Ndiyo maana Wakongomani wa Grand Rapids, mji wa jimbo hilo, wenye vibarua vya saa zinazobadilika kila wiki wanahitaji daftari: tarehe, saa, malipo ya saa moja, pamoja na karatasi za mshahara. Barua ya uamuzi wa udanganyifu ikija, pingamizi liwasilishwe ndani ya siku 30. Linavyoandikwa, tutaliona katika sehemu ijayo.