Mtoto haonyeshi kwa kidole? Msiridhike na ‘ataongea tu’

“Huyu ataongea tu. Hata baba yake alichelewa.”

Kauli hiyo kina mama wengi wameisikia kwa mama mkwe, kwa jirani, wakati mwingine hata kwa mhudumu wa kliniki, pale mtoto anapofikisha mwaka na nusu bila kutamka “mama” wala “baba”. Na mara nyingi hutimia. Wapo watoto wanaochelewa kusema, kisha siku moja wanaanza na hawanyamazi tena.

Tatizo ni kwamba kauli hiyo hiyo huwachelewesha watoto wengine, ambao ukimya wao una maana tofauti. Wanakuja kufikishwa hospitali wana miaka minne au mitano, baada ya mwalimu wa chekechea kusema hawawezi.

Usonji ni tofauti katika ukuaji wa ubongo inayogusa namna mtoto anavyowasiliana na kuhusiana na watu, pamoja na tabia za kurudiarudia jambo. Shirika la Afya Duniani (WHO) linakadiria kuwa mwaka 2021 mtu mmoja kati ya 127 duniani alikuwa na hali hiyo. Hakuna kipimo cha damu wala picha ya kichwa inayoionyesha. Mtaalamu huitambua kwa kumtazama mtoto na kumsikiliza mzazi, ndiyo maana macho ya aliye nyumbani yana thamani kubwa.

Wazazi wengi huhesabu maneno. Lakini kabla ya maneno kuna kidole.

Mtoto akikaribia mwaka mmoja huanza kunyoosha kidole kwa sababu anataka kitu: kikombe kiko mezani, ananyoosha, analia apewe. Baadaye kidogo, kidole kinapata kazi ya pili. Kuku anapita uani, mtoto anamnyooshea kidole, kisha anageuka kumtazama mama usoni kama anayeuliza, “umemwona?” Hataki kupewa kuku, anataka wamwone pamoja. Kidole hiki cha pili ndicho cha kuangalia. Kama hadi miezi 18 hakijaonekana, mtoto anapaswa kuonwa na mtaalamu, hata kama ana maneno mawili matatu.

Badala ya kuonyesha, baadhi ya watoto wenye usonji humshika mzazi mkono na kuupeleka kwenye kitu wanachokitaka, kama vile mkono ni kijiko, bila kumtazama mwenye mkono.

Ishara nyingine ni jina. Kufikia miezi tisa, watoto wengi hugeuka wakiitwa. Mtoto wa kutiliwa maanani ni yule anayeitwa mara tano hageuki, lakini pakiti ya biskuti ikifunguliwa chumba cha pili anakuja mbio. Hata hivyo, asiyegeuka anaweza pia kuwa hasikii vizuri, hasa kama masikio yamewahi kutoa usaha au aliugua homa ya uti wa mgongo. Ndiyo maana kupima masikio huja mapema katika safari hii.

Kufikia mwaka mmoja, tazama kama anapunga mkono kuaga au kupiga makofi mkiimba. Katika mwaka wa pili, tazama anavyocheza. Watoto wa umri huo huiga: anambeba mdoli mgongoni, anapika kwa kifuniko cha chupa, anashika simu ya mama na kusema “halo”. Mwingine hupindua gari la kuchezea na kuzungusha tairi lake muda mrefu, hupanga vizibo vya soda mstari mmoja na kulia kimoja kikisogezwa, au huziba masikio blenda ikiwashwa. Tabia moja ya namna hii peke yake haitoshi kumwita mtoto mwenye usonji. Zikija kadhaa pamoja na kutojali kuitwa na kutoonyesha vitu, usisubiri.

Vivyo hivyo kama miaka miwili imetimia na mtoto haungi maneno mawili yake mwenyewe, kama “mama njoo”. Na ipo ishara isiyopaswa kusubiri hata wiki: mtoto aliyekuwa anasema au kupunga mkono, kisha akaacha.

Wavulana hutambuliwa kuwa na usonji zaidi ya wasichana, lakini msichana mkimya huweza kupita bila kugundulika kwa kuwa nyumbani anasifiwa kuwa ni mpole.

Lawama nazo huanza mapema. Zamani, hata baadhi ya madaktari wa Ulaya na Marekani waliamini usonji unatokana na ubaridi wa mama kwa mwanawe. Dhana hiyo ilishatupwa. Kukua na lugha mbili, Kichaga cha bibi na Kiswahili cha jirani, hakusababishi usonji.

Chanjo pia haisababishi. Uvumi huo ulipata nguvu kutokana na makala ya mwaka 1998 iliyohusu watoto 12 tu, na jarida la Lancet liliifuta mwaka 2010. Utafiti wa Denmark uliotolewa 2019, uliofuatilia watoto zaidi ya 650,000, haukuona uhusiano. Kinachowachanganya wazazi ni umri: Tanzania hutoa chanjo ya surua na rubela miezi tisa na miezi 18, kipindi kile kile ishara zinapoanza kuonekana.

Hapo ndipo penye fursa. Mahudhurio ya miezi 18 wengi huyaruka, kwa kuwa mtoto anatembea na anakula. Usiyaruke. Usiku wa kuamkia kliniki, rekodi kwa simu video fupi ya mtoto akicheza na nyingine akiitwa jina. Mbele ya daktari anaweza kulia tu, au kulala.

Wakati wa kusubiri rufaa, kaa chini, uso wako uwe usawa wa uso wake. Taja kile anachokitazama yeye. Shika ndizi na chungwa, muulize anataka kipi, kisha nyamaza kidogo umpe nafasi. Anayeuza dawa ya “kuondoa” usonji, muache na dawa yake.

Foleni ya kliniki ni ndefu na muuguzi ana dakika chache. Mweleze moja kwa moja: “Ana miezi 18, hageuki akiitwa, hanionyeshi kitu kwa kidole. Naomba apimwe masikio na aonwe na daktari wa watoto.” Akikujibu usubiri, muulize hadi tarehe ngapi, na aiandike kwenye kadi.