Chule na Embe la Kuuza Nje

Chule ni ugonjwa wa kuvu unaoacha madoa meusi yaliyobonyea kwenye ganda la embe. Huanzia shambani, hata kwa tunda linalovunwa likiwa halina doa. Matone ya mvua hudondosha vijimbegu vya kuvu juu ya embe changa. Huota, hujipenyeza kwenye ganda, kisha hutulia. Ganda bichi lina kemikali zinazoizuia kuvu hiyo. Embe likianza kuiva kemikali hupungua na ugonjwa huamka, mara nyingi mzigo ukiwa tayari safarini. Mwenzake ni uozo wa kikonyo, unaoanzia pale tunda liliposhikana na tawi.

Kwa kuwa kuvu imejificha gandani, kuosha tu hakutoshi; joto ndilo huifikia. Maembe hutumbukizwa katika maji ya nyuzijoto 52 hadi 55 za Selsiasi kwa dakika 5 hivi. Tofauti kati ya joto linaloua kuvu na linalobabua ganda ni ndogo mno, kwa hiyo kipimajoto cha kuaminika na maji yanayozungushwa muda wote vina thamani kuliko tangi la fahari. Embe lisilokomaa hubabuka upesi zaidi. Dhidi ya uozo wa kikonyo, maji hayo huongezewa dawa ya kuvu kama thiabendazoli au fludioksonili. Hapo muuzaji lazima ajue kiwango cha mabaki ya dawa kinachokubaliwa na soko lake, maana dawa ya jana huenda leo haitakiwi: benomili, iliyotegemewa kwa miaka mingi, iliachwa na mtengenezaji wake mwaka 2001.

Tiba hii si ile ya nzi wa matunda. Kwa nzi, Marekani hutaka maji ya nyuzijoto 46.1, na tunda hukaa humo kuanzia dakika 65 hadi 110 kufuatana na ukubwa na umbo lake. Nzi hao ndio waliofanya Kenya isimamishe yenyewe mauzo ya maembe Ulaya mwaka 2014.

Baada ya maji moto, maembe hupozwa, hukaushwa na kuhifadhiwa kwenye nyuzijoto 10 hadi 13. Baridi kali zaidi huliumiza ganda na kulizuia tunda kuiva vizuri.

Hata hivyo, tangi haliokoi shamba lililotelekezwa. Mkulima apogoe miti, achome matawi makavu yanayohifadhi kuvu, na apulizie dawa ya shaba tangu miti inapochanua.