Askari Hupimwaje Kabla ya Kupewa Cheo?

Wasikilizaji wetu, watu wengi hudhani kwamba askari hupandishwa cheo kwa kupendwa na mkubwa wake tu. Jioni hii twataka kueleza jinsi jeshi la nchi kavu la Marekani liwapimavyo askari wake wasio maofisa, kwa maana jambo hili lina mafundisho hata kwetu tusiochukua bunduki.

Daraja za chini si ngumu. Askari mpya mwenye mwenendo mwema hupata daraja ya pili baada ya miezi 6, na ya tatu akiisha kutimiza mwaka mmoja. Lakini atakapo kuwa sajini, kungoja peke yake hakumfai kitu. Kwanza mkubwa wake sharti akubali kwamba anafaa. Kisha huitwa mbele ya baraza la masajini, akaulizwa maswali ana kwa ana. Tena huhesabiwa alama zake, zisizozidi 800: za shabaha, za nguvu za mwili, za nishani, za mafunzo ya kijeshi na za elimu ya kiraia. Kila kazi ina kiasi chake cha alama, nacho hubadilika mwezi kwa mwezi kwa kadiri ya nafasi zilizopo. Kwa hiyo mpishi na fundi wa magari wakiwa na alama sawasawa, huenda mmoja akapanda na mwenziwe akabaki.

Aliyekwisha kuwa sajini huandikiwa taarifa, kwa kawaida kila mwaka. Mkubwa aliye karibu naye huandika habari za tabia yake, akili zake, na jinsi awaongozavyo na kuwakuza walio chini yake. Mkubwa wa pili humlinganisha na wenziwe. Huyo wa pili hana ruhusa kuwasifu wote kuwa bora kabisa: kwa masajini wa vyeo vya juu, sifa hiyo haiwafikii zaidi ya 24 katika kila 100. Sisi walimu twaijua sababu. Darasa ambalo wote ni wa kwanza halina wa kwanza.

Penye hatari ni hapa: kwa vyeo vya juu, baraza kuu halimwoni mtu, husoma karatasi zake tu. Kalamu ya mkubwa mmoja mvivu yaweza kumzuia mtu hodari. Kwa hiyo sheria yamtaka mkubwa aketi na mtu wake mara kwa mara katika mwaka, amwonye na kumshauri. Naye askari huonyeshwa taarifa, hutia sahihi, na akidhulumiwa aweza kukata rufani. Mwaka 2020 hata picha za askari ziliondolewa mbele ya mabaraza hayo, ili sura isimpendeze wala kumponza mtu.

Basi sisi tuwapimao wengine, shuleni au kazini, tusingoje mwisho wa mwaka ndipo tumwandikie mtu kasoro zake. Tumwambie angali na nafasi ya kujirekebisha.