Chai ya Anxi Haitaki Pupa
Wilaya ya Anxi, jimboni Fujian, China, ndiko inakotoka Tieguanyin, oolong inayosifika mno. Oolong iko kati ya chai ya kijani na nyeusi: majani hunyaushwa, hutikiswa hadi kingo zichubuke, huachwa yageuke rangi kiasi, kisha hupitishwa kwenye moto mkali ili yasigeuke zaidi.

Wenyeji hutia gramu 7 hivi katika kibakuli chenye mfuniko cha mililita 110, wakamimina maji yaliyochemka na kuyamwaga papo hapo. Punje za majani yaliyoviringwa huanza kufunguka. Maji yanayofuata hukaa sekunde 20 tu.

Nusa mfuniko kwanza. Harufu ya maua ya okidi imejikusanya hapo. Kisha vuta funda kwa sauti, hata kama nyumbani ungekemewa.

Sukari na maziwa? La. Majani yaleyale hutengeneza chai mara 6 au zaidi, kwa hiyo usiyatupe mapema.