Tumbo Lililopasuliwa Linapofunga Tena



Kuna swali linalorudi kila mara tunapoombea wagonjwa. Mtu alipasuliwa tumbo, akapona, akarudi shambani au sokoni. Miaka inapita, kisha siku moja tumbo linakaza, linavimba, anatapika, choo hakitoki. Anapelekwa hospitali, anapona. Baada ya miezi kadhaa linafunga tena. Hapo jamaa wanaanza kuulizana kwa sauti ya chini: ni karuho? Amekosa nini mbele za Mungu? Au daktari alisahau kitu ndani? Tunaandika karatasi hii kwa ajili ya huyo mgonjwa, na zaidi kwa ajili ya wanaomzunguka, kwa maana mara nyingi wao ndio wanaoamua apelekwe wapi.

Utumbo mwembamba wa mtu mzima una urefu wa karibu mita 6. Umekunjwa ndani ya tumbo bila kushikamana, unateleza wenyewe kwa wenyewe kama samaki waliotoka majini sasa hivi. Daktari akifungua tumbo, au usaha na damu vikimwagika mle ndani, ngozi nyororo inayofunika utumbo inaumia. Mwili unajitibu kwa kutoa kitu chenye kunata, na hicho kikikauka kinakuwa kovu. Kovu la nje unaliona. La ndani linafanana na kamba nyembamba, linaunganisha utumbo na utumbo, au utumbo na ukuta wa tumbo. Kati ya watu 10 waliopasuliwa tumbo, karibu 9 wanabaki na makovu hayo, na walio wengi hawatajua kamwe kwamba wanayo. Lakini kwa wengine utumbo unajikunja juu ya ile kamba, au unapita chini yake na kubanwa, kama mpira wa maji uliokanyagwa. Inaweza kutokea wiki chache baada ya kupasuliwa, inaweza pia kutokea baada ya miaka 20. Kwenye karatasi ya hospitali huandikwa kwa Kifaransa: occlusion sur bride. Ukiyaona maneno hayo, maana yake ni hiyo tu: utumbo umefungwa na kamba ya kovu.

Katika eneo letu waliopasuliwa ni wengi. Kuna mama waliozaa kwa kupasuliwa, kuna waliotobolewa utumbo na tifoide, kuna waliotolewa apendisiti, na katika vita hivi visivyoisha kuna waliopigwa risasi. Pale ambapo usaha ulikuwa umeenea tumboni, kama kwa tifoide iliyotoboa, makovu huwa mengi zaidi. Kwa hiyo si laana, na si lazima daktari awe amekosea. Hata mikono mizuri kuliko yote duniani huacha kovu.

Sasa dalili. Maumivu huja kwa mawimbi: yanakaza, yanalegea, yanakaza tena. Tumbo linavimba. Mtu anatapika, kwanza chakula, halafu maji ya kijani. Choo kinakoma na hewa pia haitoki kwa nyuma. Tusione haya kumuuliza mgonjwa kuhusu hewa, maana daktari atauliza hilo kabla ya mengi mengine. Sisi watu wa Uvira tumezoea kipindupindu, kwa hiyo tukiona mtu anatapika tunakimbilia kumnywesha maji ya chumvi na sukari. Lakini kipindupindu kinafungulia tumbo, huu unalifunga. Maji ya kunywa hayatapita, yatarudi kwa kutapika. Huyu anahitaji maji ya mshipani.

Jambo la kutisha ni pale utumbo uliobanwa unapokosa damu. Hapo maumivu hayaji tena kwa mawimbi, yanakaa palepale bila kulegea. Homa inapanda, moyo unakimbia, tumbo linakuwa gumu na mgonjwa hataki liguswe. Utumbo usiopata damu unaanza kufa kwa muda wa saa chache. Ukioza na kutoboka, kumwokoa mtu kunakuwa kazi ngumu sana.

Ndiyo maana tunasema wazi juu ya mambo mawili. La kwanza ni dawa za kutapisha karuho na dawa za kuharisha, za kunywa au za kuingizwa kwa nyuma. Ukiusukuma kwa nguvu utumbo ambao mbele yake pamefungwa, unaweza kuupasua. Na kutapisha mtu ambaye tayari anatapika ni kummalizia maji yaliyobaki mwilini. La pili linatuhusu sisi wenyewe, waombaji. Mgonjwa wa namna hii hapaswi kulazwa siku tatu katika chumba cha maombi huku tukingoja kuona. Tumwombee, ndiyo, lakini tumwombee akiwa njiani na tumwombee akiwa kitandani hospitalini. Isaya alipoletewa neno la kupona kwa Hezekia, bado aliagiza mkate wa tini uwekwe juu ya jipu (2 Wafalme 20), na hatusomi popote kwamba tini zile zilipunguza imani ya mfalme.

Hospitalini atapitishiwa mpira mwembamba puani hadi tumboni ili maji na hewa vilivyokwama vitoke. Haupendezi, ila kutapika na maumivu hupungua. Atawekewa seromu, atapigwa picha, na hatakula wala kunywa chochote. Hapa wageni wetu huleta shida bila kujua. Mama mkwe anakuja na uji, mjomba anakuja na soda, wanamhurumia, wanasema kijiko kimoja tu. Wapendwa, hata hicho kimoja hapana. Ni mfungo ulioamriwa na daktari, tumsaidie kuutimiza. Kama hakuna dalili za utumbo kukosa damu, madaktari wanaweza kungoja hadi saa 72 hivi wakimwangalia kila mara, na wagonjwa wengi wa makovu, kama 7 kati ya 10, hufunguka bila kisu. Siku hewa inapotoka, chumba kizima hufurahi!

Jamaa wengine hukasirika: kwa nini wasimpasue mara moja, wazikate hizo kamba, yaishe? Ni kwa sababu kila kupasua kunazaa makovu mapya. Daktari anayengoja kwa uangalifu si mvivu. Lakini akisema utumbo unakufa na lazima kupasua usiku huu, msimwombe angoje hadi kikao cha ukoo.

Baada ya kutoka hospitali, maisha yanaendelea na kovu liko palepale. Mwenye tumbo hili ale kidogo kidogo mara nyingi, atafune sana, anywe maji ya kutosha. Nyuzi ngumu ndizo hukwama: maembe yenye nyuzi, nyama za ndani za chungwa, muwa uliomezwa na makapi, mahindi ya kuchoma, sombe isiyotwangwa vizuri. Hatusemi aache sombe, nani kati yetu angeweza! Itwangwe laini, iive sana, na bonge la bugali liwe dogo. Akisikia tumbo linaanza kukaza, aache chakula kigumu mara moja. Maumivu yakiendelea au akitapika, asingoje asubuhi.

Kuhusu mfungo wa kanisa: mtu huyu asifunge kavu bila maji, na asifungue mfungo kwa sahani iliyojaa. Aongee na mchungaji wake na muuguzi wake, atafute namna nyingine ya kujitoa. Viongozi nao wasimwonyeshe kidole mbele ya wengine kwamba hafungi. Paulo mwenyewe alimwandikia Timotheo ushauri juu ya tumbo lake lenye udhaifu (1 Timotheo 5:23), hakumkemea.

Mama mjamzito mwenye kovu la zamani aangaliwe kwa namna ya pekee. Kutapika kwa miezi ya kwanza tunakujua. Kutapika pamoja na tumbo kukaza na choo kukoma, hasa mimba ikiwa kubwa, kusiachwe kuitwa mambo ya mimba.

Halafu karatasi. Daktari wa zamu akijua ulipasuliwa lini, wapi na kwa sababu gani, anaokoa saa nyingi. Mulongwe ilipofurika Aprili 2020 ilibeba nyumba na vilivyokuwa ndani, kwa hiyo ziwekeni karatasi za hospitali ndani ya mfuko wa plastiki, mahali pa juu. Aliyepasuliwa Lemera kabla ya hospitali ile kushambuliwa tarehe 6 Oktoba 1996 huenda hana karatasi yoyote. Basi aonyeshe kovu na aeleze anavyokumbuka, na mtoto mmoja nyumbani ajue habari hiyo. Wanaokaa mbali na barabara wapatane mapema na mwenye pikipiki anayekubali kuitwa usiku, na namba yake iandikwe ukutani.