Harufu ya Kuungua Jikoni



Zamani hapa Songea mama aliujua moto wake kwa macho: mafiga matatu, kuni, na moshi upandao darini. Siku hizi nyumba nyingi za mjini zina jiko la gesi au la umeme, na Serikali, katika mkakati wake wa mwaka 2024, yataka watu 80 katika kila 100 watumie nishati safi ya kupikia ifikapo mwaka 2034. Ni jambo jema. Lakini moto huu mpya husema nasi kwa harufu, nasi hatuna budi kujifunza kuisikia.

Jioni moja mke wangu aliniita: "Mwalimu, nasikia harufu ya kuungua, na sufuria haina kitu." Nikataka kufungua dirisha tu, nirudi kitabuni. Yeye akakataa. Akazima jiko, akangoja lipoe, akainua kichomeo: kumbe mafuta ya jana yamemwagika na kuganda. Tukaosha kwa maji ya moto na sabuni, tukazibua matundu kwa sindano, tukakausha vyema. Harufu ikakoma.

Walakini si kila harufu ni ya mafuta.

Ikiwa ni harufu ya mpira au plastiki, yaelekea waya au plagi imepata joto kupita kiasi. Zimeni swichi kuu, msimwage maji, mwiteni fundi.

Ikiwa yanuka kama yai viza, hapo hapaungui kitu: gesi yavuja. Gesi ya mtungi yenyewe haina harufu. Hutiwa dawa inukayo makusudi, ili tuonywe. Tena ni nzito kuliko hewa, hutanda sakafuni. Fungeni mtungi, fungueni milango, watoeni watoto nje. Msiwashe kiberiti, wala msiguse swichi yoyote. Panapovuja hutafutwa kwa povu la sabuni, kamwe si kwa moto.

Neno la mwisho ni kwa wapikao kwa mkaa. Baridi ya Juni na Julai huwashawishi wengi kuingiza jiko chumbani na kufunga mlango. Sumu ya mkaa haina harufu hata kidogo, nayo huua watu usingizini. Jiko na libaki nje.

Nanyi walimu, wafundisheni watoto haya, maana mara nyingi mtoto ndiye afikaye jikoni kwanza.