Treni Isiyo na Dereva Mbele ya Mafundi wa Katwe

Katwe, kitongoji kilicho kusini mwa kitovu cha Kampala, kinajulikana kwa mafundi wake wa chuma. Hapo hutengenezwa milango, majiko, mashine za kusaga mahindi na za kukaangia bisi, na kipuri kilichokosekana dukani huchongwa kwa kuiga kile kilichochakaa. Upande huohuo wa mji hupita reli ya magharibi, iliyofika Kasese mwaka 1956, ikielekea karakana ya Nalukolongo. Watembea kwa miguu huikanyaga na kuivuka kila siku. Ufundi wa kuiga na reli isiyo na ua ni mambo mawili yanayopaswa kuzingatiwa kila reli nyepesi ya Kampala inapozungumzwa. Reli hiyo imetajwa mara kadhaa tangu muongo wa 2010 bila kujengwa. Iliyoanza, Desemba 2015, ni treni ya abiria ya kwenda Namanve, inayovutwa na injini ya dizeli juu ya njia ya zamani.

Kujiendesha kwa treni kuna daraja zake. Katika daraja ya kwanza dereva huendesha akilindwa na mitambo. Katika ya pili treni hukimbia na kusimama yenyewe, lakini dereva yumo mbele. Daraja ya tatu haina dereva, ila mhudumu yumo ndani kushughulikia milango na dharura. Katika ya nne hahitajiki mfanyakazi yeyote ndani ya treni. Reli ya Docklands ya London, iliyofunguliwa kwa umma tarehe 31 Agosti 1987, ni ya daraja ya tatu. Metro ya Dubai, mji wenye wafanyakazi wengi kutoka Uganda, ilianza tarehe 9 Septemba 2009 ikiwa ya daraja ya nne.

Treni ya Docklands ya awali ilikuwa fupi, ya mita 28 hivi: vipande viwili vilivyoungwa kwa kiungo kinachopinda, juu ya bogi tatu, ili ipite kwenye kona kali. Umeme wa volti 750 hutoka katika reli ya tatu iliyo kando ya njia. (Kwa treni ya namna hii jina “garimoshi” halina mashiko tena, wala lile la Kiganda, eggaali y’omukka, lenye maana hiyohiyo.) Katika mfumo wa uongozaji uliowekwa huko katika miaka ya 1990, waya hulazwa kati ya reli na kupishanishwa kila baada ya mita 25. Treni huhesabu mapishano hayo pamoja na mizunguko ya magurudumu, hivyo ikajua ilipo. Kompyuta za kituo kikuu huiambia iishie wapi.

Kompyuta hizo huijua mahali ilipo treni, lakini hazimwoni mtoto aliyeingia njiani wala mwanamke aliyebeba ndizi. Kwa sababu hiyo, treni za London na Dubai hupita juu ya madaraja, ndani ya mahandaki au katika njia iliyozungushiwa ua. Addis Ababa, iliyofungua reli yake nyepesi Septemba 2015 kwa treni 41 kutoka China, ilichagua nyaya za juu na madereva. Katwe ingehitaji njia ya juu kabisa, au vivuko vya watu vilivyojengwa kabla ya treni ya kwanza kupita. Ua peke yake ungewatenga wakazi na kazi zao.

Jambo zito zaidi ni vipuri. Baada ya miaka michache tu, sehemu kubwa ya treni za Addis Ababa ilisimama kwa kuvikosa. Fundi wa Katwe anaweza kutengeneza viti, vishikio na fremu. Pedi ya breki pia anaweza kuichonga ikafanana na ya awali kwa umbo. Hata hivyo, kompyuta hukokotoa umbali wa kusimama kwa kutegemea nguvu ya breki iliyothibitishwa. Pedi iliyo laini au ngumu kuliko inavyotakiwa huivunja hesabu hiyo bila kuonekana, na hakuna dereva wa kuhisi kwamba treni inachelewa kusimama. Ustadi wa mkono unaookoa mashine ya kusaga unaweza kuwa hatari hapa, isipokuwa uandamane na vipimo vya maabara.

Hata London haikukwepa gharama ya kuchagua mapema. Treni zake 11 za kwanza hazikufaa kwa handaki jipya la Bank, lililofunguliwa mwaka 1991. Ziliuzwa Essen, Ujerumani, zikawekewa chumba cha dereva.

Kwa Kampala, basi, mkataba wa ununuzi una uzito sawa na treni zenyewe. Michoro ya vipuri, haki ya kurekebisha programu, mashine za kupimia breki na mafunzo ya mafundi huombwa kabla ya saini, wakati mnunuzi bado anaweza kwenda kwa muuzaji mwingine.